Kutoka Mutanga hadi Buyenzi: ukurasa mmoja wa kwendea kongamanoni



Kila mwaka matangazo ya makongamano ya taaluma za Afrika yanapita kwenye simu zetu. Tunayasoma, tunawatumia wenzetu, kisha tunayasahau. Ukiuliza sababu, utaambiwa nauli. Lakini nauli huja mwishoni. Kitu cha kwanza kinachoombwa ni ikisiri, yaani ukurasa mmoja unaoeleza umechunguza nini na umepata nini, na huo ukurasa ndio hatuna. Somo la leo linahusu ukurasa huo.

Tuchukue mfano wa hapa mjini. Katikati ya miaka ya 1950, mji wetu ukiitwa bado Usumbura, serikali ya Kibelgiji iliwatoza kodi wanawake wa mjini walioishi bila mume. Wakubwa walisema wanalinda maadili. Huko Buyenzi wanawake Waislamu, wajane na waliotalikiwa, waliikataa. Mtu amekaa eda yake, amebaki kwake anajilisha kwa jasho lake, halafu anaandikwa daftari moja na malaya: jina hilo liliwauma kuliko faranga zenyewe.

Habari hizi nimezipata wapi? Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliziandika mwaka 1991 katika jarida la Journal of African History. Mwaka 2006 Geert Castryck alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kwa tasnifu juu ya Waislamu wa Usumbura kuanzia 1897 hadi 1962. Kazi ya kwanza ni ya Kiingereza, ya pili ni ya Kiholanzi. Siwalaumu hata kidogo. Walifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya, na anayetaka kuandika juu ya Buyenzi lazima aanzie kwao. Ila inachoma kidogo kwamba mjukuu wa mmoja wa wanawake wale, anayesoma leo hapa Chuo Kikuu cha Burundi, atajifunza Kiholanzi kwanza ndipo asome habari za mtaa wa bibi yake.

Sasa piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1956 amefika miaka 90 au anaikaribia. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 anakaribia 80, na huyo huenda yupo nyumbani kwenu sasa hivi, anasubiri adhana ya Alasiri. Nyaraka za serikali zilizopelekwa Brussels zitakuwepo hata miaka 50 ijayo. Bibi hatakuwepo.

Namna ya kumuuliza hatuna haja ya kuiazima mbali. Sote tumesoma madrasa na tunajua isnadi ni nini. Swahaba Jabir bin Abdillah alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima hadi Sham, kwa ajili ya kuisikia hadithi moja tu kutoka kwa Abdullah bin Unays mwenyewe. Kutoka Mutanga hadi Buyenzi ni safari ya basi. Bibi akisema "tulikataa kulipa", usiandike haraka. Muulize kwa adabu: wewe ulikuwepo, ama mama yako ndiye aliyekuwepo akakusimulia? Nani mwingine alikuwepo? Kisha umtafute huyo mwingine. Wakitofautiana, usichague ile habari inayokupendeza; andika zote mbili pamoja na majina ya waliozisema, kama wamekuruhusu kuyataja.

Ruhusa hiyo si ya kupuuza. Kisa hiki kinagusa talaka, ndoa za wake wengi na heshima za watu. Bibi anaweza kukueleza jambo lililomfika jirani yake, na watoto wa jirani huyo wapo. Sitara ni wajibu wetu kabla ya kuwa kanuni ya watafiti. Mwombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu, na ukimaliza mwulize tena ni kipi kibaki kwenu wawili. Hapa dada zetu wana mlango ambao sisi wanaume hatuna: kuna mambo ambayo bibi hatamwambia kijana wa kiume hata awe mjukuu wake wa damu. Ningependa kuona kazi hii ikiongozwa na wao.

Jambo jingine: usimsahihishe Kiswahili chake. Kwa muda mrefu hapa kwetu kumwita mtu "Mswahili" ilikuwa kama kumwita mjanja asiyeaminika, na wengi wetu tukifika chuoni tunajificha nyuma ya Kifaransa. Lakini maneno ya Buyenzi yaliyochanganyika na Kirundi na Kifaransa ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Yaandike kama yalivyotamkwa.

Turudi kwenye ikisiri. Ya kwangu ya kwanza ilikataliwa, na ilistahili. Niliandika juu ya "mchango wa Uislamu katika historia ya Afrika", maneno mia tatu ambayo mtu yeyote angeyaandika bila kutoka kitandani. Linganisha na hii: "Kumbukumbu za kodi ya wanawake wasio na mume katika familia nne za Buyenzi". Msomaji anajua papo hapo ni wapi, lini na nani. Ukishapata kichwa kama hicho, sema kwa ufupi swali lako, waliotangulia wameandika nini, umezungumza na watu wangapi na wa aina gani, na umepata nini ambacho hakikuwa kimeandikwa. Kama bado hujapata kitu, usiombe nafasi, nenda kwanza. Na kazi hiyo haitapotea hata ukikosa kongamano, maana tayari ni nusu ya memwari.

Mahali pa kuipeleka papo. Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kimekuwa kikiandaa Kongamano la Kiswahili tangu 1987, na mle ukumbini watu wanasoma mada zao kwa Kiswahili, kwa hiyo hoja ya "Kiingereza changu kibovu" haifanyi kazi. CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, nacho kina kongamano lake la kimataifa. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kuwa 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na siku kama hizo vyuo vya kanda hii hutafuta wasemaji. Anayeandika vizuri zaidi kwa Kifaransa aangalie CODESRIA ya Dakar, na taasisi ya Kifaransa ya IFRA iliyoko Nairobi. Kwa anayefikiria shahada ya pili, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, makao yake Kampala, hutangaza ufadhili wa masomo mara kwa mara, na TATAKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafundisha Kiswahili hadi udaktari. Tarehe hubadilika kila mwaka, hivyo zisome kwao wenyewe, si kwenye ujumbe uliopitia makundi kumi.

Na tahadhari. Barua inayokusifu, ikakubali mada yako ndani ya saa moja, kisha ikadai dola kabla hujaambiwa ukumbi uko wapi, ifute. Makongamano ya kweli huchukua majuma kadhaa kujibu, na mengi yana punguzo la ada kwa wanafunzi ukiliomba.

Basi, atakayeanza Jumamosi hii aende baada ya Alasiri, jua likipungua na wazee wakiwa barazani. Achaji simu mapema, abebe daftari na kalamu mbili, na asiende mikono mitupu: kilo ya sukari inatosha. Siku ya kwanza asiulize chochote juu ya kodi.