Ukienda Kandy kwa Ajili ya Jino la Budha

Tuanze na jambo ambalo mawakala wa safari hawalisemi mpaka umeshalipa: jino lenyewe hutaliona. Watu hupanda garimoshi kutoka Colombo, Sri Lanka, hukata tiketi, huvua viatu, husongamana kwenye ngazi za mbao, kisha hupitishwa mbele ya dirisha dogo kwa sekunde chache na kuona kasha la dhahabu lenye umbo la kengele, limevishwa mikufu na vito. Ndani ya kasha hilo mna jingine, na ndani yake jingine, yote saba. Katika la mwisho ndimo linamoaminiwa kuwamo jino la chonge la kushoto la Budha. Aprili 2025 lilitolewa hadharani kwa siku kumi, baada ya miaka 16 kupita bila kuonyeshwa, na watu wakalala barabarani wakingoja zamu. Siku za kawaida halifunguliwi kwa yeyote, awe mgeni au mwenyeji.

Anayelijua hilo mapema hufaidi ziara yake. Sri Dalada Maligawa, kasri la jino takatifu, linafaa kutembelewa kwa sababu ya kazi inayofanyika humo kila siku: watu wanalihudumia jino kama mfalme aliye hai. Linapigiwa ngoma alfajiri, linaandaliwa chakula, linapepewa, linaogeshwa. Ukifika saa isiyo na ibada utakuta jengo zuri lenye watalii wengi, basi.

Kwa mapokeo ya Wabudha, Budha alipofariki Kushinagar, kaskazini mwa India, mwili wake ulichomwa na masalia yakagawanywa. Jino hili likakaa Kalinga, mashariki mwa India, kwa karne nyingi. Katika karne ya 4 mfalme wa huko, alipoona vita vinamwelemea, aliwakabidhi jino binti yake Hemamali na mkwewe Danta. Hemamali alilificha ndani ya nywele zake, wakavuka bahari hadi Anuradhapura, mji mkuu wa Sri Lanka wa wakati huo. Tangu hapo ikajengeka imani kwamba mwenye jino ndiye mwenye haki ya kutawala kisiwa. Kila kiti cha enzi kilipohama, jino lilihama nacho: Polonnaruwa, Dambadeniya, Yapahuwa, Kurunegala, Gampola, Kotte, na mwishoni mwa karne ya 16 likafika Kandy, milimani, chini ya mfalme Vimaladharmasuriya wa Kwanza.

Wareno, wale wale walioijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, walidai kwamba walilinyakua huko Jaffna na kuliangamiza Goa. Wasinhala huwajibu kwamba walichokiangamiza ni nakala. Waingereza walijifunza uzito wa jino hili kwa njia nyingine. Tarehe 2 Machi 1815 machifu wa Kandy walitia saini mkataba wa kuukabidhi ufalme, na ndani yake Waingereza wakaahidi kuilinda dini ya Budha. Ukumbi unaohusishwa na mkataba huo, Magul Maduwa, bado umesimama na nguzo zake za mbao zilizochongwa, hatua chache kutoka hekaluni. Uasi ulipozuka miaka miwili baadaye, jino lilitoroshwa. Waingereza walipolipata tena mwaka 1818, waasi wengi walivunjika moyo. Haya ni ya kuyajua kabla ya kufika, kwa sababu anayeona watu wazima wakitokwa na machozi mbele ya kasha lililofungwa anaweza kudhani ni ushirikina tu. Mbele yake kuna alama ya dini na ya taifa kwa pamoja.

Jengo lenyewe ni changa kuliko historia hiyo. Hekalu la ndani linahesabiwa kuwa la Vira Narendra Sinha, aliyetawala kuanzia 1707 hadi 1739. Mnara wa pembe nane unaoonekana katika kila postikadi, pamoja na ziwa lililo mbele yake, ni kazi ya Sri Vikrama Rajasinha, mfalme wa mwisho. Paa la dhahabu liliongezwa mwaka 1987. UNESCO iliuingiza mji huu mtakatifu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988.

Sasa safari. Kutoka Afrika Mashariki wengi hupitia Doha, Dubai au mji mwingine wa Ghuba na kushukia karibu na Colombo. Kibali cha kuingia huombwa mtandaoni kabla ya kuondoka; ada na masharti yake yamebadilishwa mara nyingi, kwa hiyo soma tovuti ya serikali ya Sri Lanka wiki ile ile unayosafiri, usitegemee alichokuambia rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Sri Lanka hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwamo Kenya, Uganda, Burundi na Kongo. Mtanzania naye akibebe tu. Kukikosa kwenye dawati la afya ya uwanja wa ndege kutakugharimu zaidi ya sindano.

Kutoka Colombo hadi Kandy ni kilomita 115 hivi. Garimoshi linalotoka stesheni ya Fort huchukua takriban saa mbili na nusu hadi tatu, kwenye reli iliyofika Kandy mwaka 1867, na ukikaa upande wa kulia wakati wa kupanda utayaona mabonde vizuri. Viti vya kuhifadhi huisha mapema. Mvua kubwa huleta maporomoko ya udongo na kuikata njia, hivyo hakikisha kwanza kwamba treni zinapita. Mabasi kutoka Pettah, Colombo, ni mengi na ya bei nafuu, ila madereva wake huendesha kama waliochelewa harusi. Ndani ya Kandy utapanda bajaji, na jina lake la huko ni tuktuk. Elewaneni bei kabla hujakaa. Saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Ile nusu ndiyo huwakosesha watu miadi.

Ukikaribia ziwa, mtu mkunjufu atakuambia kwamba hekalu limefungwa leo, au kwamba kuna sherehe maalumu mahali pengine anapoweza kukupeleka. Mshukuru, endelea na safari yako. Hekalu hufunguliwa kila siku tangu alfajiri hadi usiku wa mapema. Lango lina ukaguzi mkali, wa mwili na wa mikoba, na usiuchukulie kama usumbufu: tarehe 25 Januari 1998 waasi wa Tamil Tigers walilipua lori la mabomu mbele ya hekalu, wakaua watu na kubomoa sehemu ya mbele. Mgeni wa nje hulipa kiingilio na mwenyeji hupita bure, jambo ambalo halina haja ya kulalamikiwa; yeye amekuja kusali.

Mavazi ni mabega na magoti kufunikwa, kwa wanaume na wanawake. Wenyeji huvaa nyeupe. Kikoi kinafaa sana, kwani wanaume wa Sri Lanka wenyewe huvaa shuka la namna hiyo, na kanga ya kujitanda mabegani haitamshangaza mtu. Kofia huvuliwa. Viatu huachwa kwenye banda la nje kwa malipo madogo au bakshishi, kwa hiyo njoo na kandambili usizozionea uchungu. Mchana jua huchoma mawe ya uani. Soksi zinaruhusiwa na zitakuokoa.

Ibada, inayoitwa tevava, hufanyika mara tatu kwa siku: takriban saa 11 na nusu alfajiri, saa 3 na nusu asubuhi na saa 12 na nusu jioni. Fika nusu saa kabla. Ya jioni hujaa kupita kiasi, na ningemshauri mwenye nguvu ya kuamka achague ya alfajiri, wakati wenye mji ni wengi kuliko wageni. Hukusanyika kwanza ghorofa ya chini, mbele ya milango iliyozungushiwa pembe za ndovu, ambapo wapiga ngoma waliofunga vilemba vyeupe na mikanda myekundu husimama mstari. Ngoma zao hupigwa kwa mikono na kwa vijiti, na juu yake hulia chombo cha kupuliza ambacho mtu wa pwani atakitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa zumari. Sauti hujaza jengo zima. Watawa hupita, milango hufunguliwa na kufungwa nyuma yao, na yanayofanyika ndani huyaoni: kutandika meza, kutoa maji, chakula, maua na manukato, kwa mpangilio uliorithiwa tangu enzi za wafalme. Nyumba mbili za watawa, Malwatta na Asgiriya, hupokezana zamu kila mwaka. Pamoja nazo kuna msimamizi asiye mtawa, Diyawadana Nilame, anayechaguliwa kwa miaka kumi, na hakuna upande mmoja unaoweza kulifikia jino peke yake.

Baada ya hapo panda juu ujiunge na foleni. Wenye maua hupita karibu, huyaweka kwenye meza ndefu mbele ya chumba, na walinzi huwasukuma taratibu waendelee. Maua huuzwa nje: yungiyungi, asumini na mengineyo. Ukiyanunua usiyanuse. Harufu yake ya kwanza si yako. Mwislamu au Mkristo asiyetaka kutoa maua hana kosa. Hakuna anayekulazimisha kusujudu. Kusimama kando kimya kunatosha, na utaona vizuri zaidi, kwani hutasukumwa. Jumatano kuna ibada ya ziada ambamo jino huogeshwa kwa ishara, na maji yake yenye manukato hugawiwa waumini wanaoyaamini kuwa dawa.

Kuhusu picha, sheria za Sri Lanka hazina mzaha. Kumpa mgongo Budha ili ujipige picha naye ni dharau. Mwaka 2012 watalii watatu kutoka Ufaransa walihukumiwa kifungo cha nje kwa picha za kuchezea sanamu, na mwaka 2014 mtalii Mwingereza mwenye chale ya Budha mkononi alikamatwa na kufukuzwa nchini. Mahakama baadaye ilimpa fidia, lakini likizo yake ilikuwa imekwisha. Fulana yenye picha ya Budha iache nyumbani. Ukikaa sakafuni, kunja miguu, nyayo zisielekee sanamu. Mwanamke asimguse mtawa wala kumkabidhi kitu mkononi. Anayetaka kuzoea adabu hizi kabla ya kusafiri anaweza kuanzia Upanga, Dar es Salaam, kwenye hekalu la Kibudha lenye mizizi katika jamii ya Wasinhala iliyofika mjini humo karne iliyopita.

Usiondoke mara baada ya foleni. Nyuma ya hekalu la ndani kuna ukumbi mpya wenye sanamu zilizotolewa na Thailand na mfululizo wa michoro inayosimulia safari ya jino tangu India. Aliyesahau historia niliyoieleza ataipata ukutani. Nje kuna nyumba ya ndovu Raja, aliyebeba kasha katika maandamano kwa miongo mingi, akafa mwaka 1988 na kukaushwa. Kwa sisi tuliozoea ndovu wenye pembe, dume na jike, ajabu yake haionekani haraka, lakini Sri Lanka ni madume wachache tu wanaoota pembe, na mwenye pembe ndefu kama Raja ni nadra. Makumbusho ya Ubudha duniani yapitie kama una muda. Hekalu la Natha, ng'ambo ya uwanja, ni la karne ya 14 na ndilo jengo kongwe zaidi hapo, nalo watalii wengi hulipita bila hata kugeuka.

Limebaki suala la maandamano ya Esala Perahera, ya siku kumi kati ya Julai na Agosti kwa kalenda ya mwezi. Wachapa viboko hutangulia wakipasua hewa, hufuata wabeba mienge ya mbata inayowaka, wachezaji, ngoma, na ndovu kwa makumi waliovishwa taa. Kasha linalobebwa halina jino lenyewe, ambalo halitoki hekaluni. Wapo wanaokerwa kuona ndovu wakiwa na minyororo katikati ya moto na kelele, na sidhani wamekosea. Amua mwenyewe kabla ya kununua kiti. Siku tano za mwisho ndizo kubwa kuliko zote. Vyumba hupanda bei mara kadhaa, barabara hufungwa tangu mchana, na kupata usafiri wa kurudi Colombo usiku huo ni bahati nasibu, hivyo panga kulala Kandy. Baada ya usiku wa mwisho, maji ya mto Mahaweli hukatwa kwa upanga huko Getambe, kisha hufuata maandamano ya mchana. Ni mafupi, mwanga wake unatosha kwa picha, na viti ni rahisi kupatikana. Mwenye watoto wadogo achague hayo.