Jifunze Excel kwa miamala yako mwenyewe

Wengi wetu tumeshaanza kozi ya Excel ya bure mtandaoni na kuiacha njiani. Unatazama video tatu, mwalimu anajumlisha mauzo ya kampuni fulani ya Marekani, unaona ni rahisi, unafunga simu. Wiki mbili baadaye ukiulizwa ufanye jumla hiyo mwenyewe, umesahau pa kuanzia. Si kwamba huna akili ya kompyuta. Zile namba hazikuwa zako, kwa hivyo hata ukikosea hakuna kilichokuuma.

Sisi tunapendekeza njia nyingine: chukua stetimenti yako ya mwezi uliopita ya pesa za simu, na hiyo ndiyo iwe daftari lako la mazoezi.

Huhitaji kompyuta. Google Sheets ni ya bure kwenye simu, na ukiweka alama faili ipatikane bila intaneti, utaendelea kuandika hata bando ikiisha. Excel ya simu pia ni ya bure ukifungua akaunti ya Microsoft. Wenye kompyuta wanaweza kutumia LibreOffice Calc bila kulipa chochote. Chagua moja tu. Fomula tutakazotumia hapa zinafanya kazi kwa zote.

Sasa fungua ukurasa mpya na uandike vichwa vitano juu: A iwe Tarehe, B Maelezo, C Aina, D Imeingia, E Imetoka. Halafu ingiza miamala 40 ya kwanza kwa mkono, mmoja kwa kila mstari. Ndiyo, kwa mkono. Inachosha, lakini hapo ndipo vidole vinazoea, na utaanza kuona mambo ambayo hukuwahi kuyaona ukipitisha macho tu.

Ile safu ya Aina ndiyo moyo wa kazi yote. Tumia maneno machache na uyarudie vilevile: mauzo, bidhaa, nauli, nyumbani, ada. Ukiandika "nyumbani" leo na kesho "home" na keshokutwa "nyumba", programu itaona vitu vitatu tofauti.

Kuna makosa mawili ambayo karibu kila anayeanza huyafanya. La kwanza ni kuandika "Ksh 500" ndani ya kisanduku. Andika 500 peke yake. Ukitanguliza herufi hizo, programu inaweza kuichukua kama maneno na kuiruka wakati wa kujumlisha, na haitakuambia. La pili ni tarehe. Ukiandika 3/4 ukimaanisha Aprili 3, programu iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani itasoma Machi 4, kwa kuwa wao hutanguliza mwezi. Andika mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku, kwa mfano 2025-04-03, na utakuwa salama.

Fomula za kuanzia ni mbili. Nenda kisanduku kitupu chini ya safu ya D uandike =SUM(D2:D41). Hiyo ni jumla ya yote yaliyoingia. Fanya hivyo hivyo kwa E. Ya pili ni hii: =SUMIF(C2:C41,"nyumbani",E2:E41). Maana yake: pitia safu ya C, kila ukiona neno nyumbani, jumlisha kiasi kilicho kwenye E mstari huo huo. Badilisha neno liwe bidhaa, nauli au ada, upate jumla ya kila moja. Ukirekebisha kiasi chochote juu, jumla inajirekebisha yenyewe. Hilo ndilo lililowafurahisha watu tangu VisiCalc, programu ya kwanza ya aina hii kwa kompyuta ndogo, ilipotoka 1979.

Kabla hujaamini hesabu yako, ipime. Chukua salio kabla ya muamala wa kwanza, ongeza yote yaliyoingia, toa yote yaliyotoka. Lazima upate salio baada ya muamala wa 40, shilingi kwa shilingi. Usipolipata, kuna mstari umeruka, na mara nyingi ni ule wa ada, maana ada ya kutoa pesa huwa na mstari wake mdogo chini ya muamala wenyewe. Video nyingi hazina kipimo hiki kwa sababu mfano wao hauna salio la kweli la kulinganisha.

Na faida yake ni nini? Tuchukue mfano wa mama anayeuza nguo za mitumba. Kwa wiki moja ameingiza 18,400. Ametoa 11,000 za bidhaa, 1,400 za nauli, 312 za ada na 5,150 za nyumbani. Kilichobaki ni 538. Akiangalia salio hilo peke yake atasema biashara imekufa, labda apandishe bei au aache kabisa. Lakini ukiondoa bidhaa, nauli na ada pekee, kibanda kimemwachia 5,688. Kibanda kinafanya kazi. Ni nyumbani ndiko kulikochukua karibu yote, tena kwa vipande vya 150 na 200 ambavyo hakuna anayevikumbuka. Watoto lazima wale, hatusemi asitumie. Ila sasa anaweza kujipangia mshahara wa wiki, tuseme 4,000, na kujua mapema kama utatosha. Ni uamuzi tofauti kabisa na kufunga kibanda.

Angalizo moja: stetimenti haijui pesa taslimu. Kama nusu ya wateja wako hulipa kwa noti, ongeza mistari hiyo mwenyewe kila jioni, la sivyo picha itakudanganya. Vivyo hivyo kwa nguo ambazo bado hazijauzwa.

Ukikwama, sasa ndio wakati wa kurudi kwenye masomo ya bure, maana utakuwa na swali. GCFGlobal ina masomo ya Excel na Google Sheets yaliyoandikwa kwa hatua na picha. Kusoma hula bando kidogo kuliko video. Microsoft nao wana mafunzo ya Excel kwenye tovuti yao ya msaada. YouTube ni nzuri ukitafuta jambo moja, kwa mfano SUMIF, badala ya kuanza kozi ya saa sita. Kwa vijana, mpango wa serikali wa Ajira Digital hufundisha ujuzi wa kazi za mtandaoni bila malipo.

Tuseme wazi kuhusu usalama. Stetimenti huja kama PDF, na mtandaoni kuna tovuti nyingi zinazodai zitaigeuza iwe Excel ukiipakia kwao. Usiipakie kwa tovuti usiyoijua. Ndani kuna majina na namba za wateja wako, na taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ukitaka rafiki akusaidie kutafuta kosa, futa kwanza safu ya Maelezo kwenye nakala utakayomtumia.

Na ukikutana na "kozi ya bure" inayotaka utume ada ya usajili au ya cheti kwa namba ya mtu binafsi, usitume. Hakuna somo la kompyuta linalohitaji PIN yako, na sisi pia hatutawahi kukuomba.