Mfanyakazi Aliyeumia na Deni la Mwajiri



Huko Magamba, karibu na mji wa Mpanda mkoani Katavi, wako watu wanaotafuta riziki katika machimbo ya dhahabu. Mwenye duara huajiri vijana, nao hushuka chini, huvunja mwamba na kupandisha mawe. Basi mfikirie kijana aliyeangukiwa na kifusi akavunjika mguu. Siku ya kwanza tajiri wake humpeleka hospitali. Wiki ya pili haonekani tena. Mwezi ukiisha, nafasi imekwisha kupewa mwingine. Tajiri akiulizwa hujibu kwa upole: "Mimi sikumwangusha. Hiyo ni kadari ya Mungu."

Maneno hayo yana sura ya dini, lakini je, ndiyo mafundisho ya dini? Yafaa tulichunguze jambo hili, kwani wako wanaodhani kwamba Uislamu ni dini ya kukunja mikono na kuisingizia kadari kila balaa.

Kwanza, Mtume Muhammad s.a.w. alimfundisha mtu mmoja amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mungu. Naye Seyidna Umar r.a., alipokataa kuingia Shamu kwa sababu ya tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari. Akajibu kwamba anaiacha kadari moja ya Mungu na kuiendea kadari yake nyingine. Basi anayewashusha watu katika duara lisilotiwa magogo ya kuzuia kuta hajamtegemea Mungu; amemwacha ngamia bila kumfunga.

Pili, tajiri husema hakukusudia. Katika Kurani Tukufu (4:93) imeelezwa habari ya mtu aliyeua kwa kukosea. Pamoja na kwamba hakukusudia, ameamrishwa kuwalipa diya jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wasamehe. Hukumu hiyo imewafikia hata watu wa kaumu nyingine wenye mapatano na Waislamu. Hatusemi kwamba kila ajali ya kazini ni sawa na kuua. Lakini msingi wake u wazi. Kutokukusudia hakuifuti haki ya aliyedhurika, na kusamehe ni haki yake yeye, wala mwenye deni hawezi kujisamehe mwenyewe.

Tatu, Mtume s.a.w. amesema kwamba watumishi ni ndugu zetu ambao Mungu amewaweka chini ya mikono yetu, tusiwatwike mzigo unaowashinda. Tena ametuonya kwamba siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atakuwa mshitaki wa mtu aliyemtumikisha mwenziwe kazi kamili asimpe ujira wake. Ikiwa ujira wa siku moja una mshitaki wa namna hiyo, itakuwaje kwa mguu uliovunjika katika kazi ile ile?

Sheria ya Tanzania nayo yakubaliana na msingi huo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake, wala haukatwi katika mshahara. Aliyeumia hupata matibabu na malipo bila kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alikosa. Akifa, wategemezi wake hupewa haki zao. Lakini machimboni mapatano mengi ni ya mdomo, na malipo huwa ni mgawo wa mawe. Jina la kijana halimo katika daftari lo lote. Mwajiri anayemcha Mungu na aliandike jina hilo kabla ya ajali, naye mfanyakazi akiumia atoe taarifa mara moja mbele ya mashahidi.

Ndugu msomaji, katika masharti kumi ya Bai'at aliyoyaweka Masihi Aliyeahidiwa a.s. mwaka 1889, sharti la nne lakataza kuwaudhi viumbe vya Mungu kwa mkono au kwa ulimi, na la tisa laamrisha kuwahudumia wanadamu kwa uwezo wote tuliopewa. Aliyefunga ahadi hiyo hawezi kupita mbele ya mlango wa kijana aliyelala na mguu wake uliovunjika, akasema kadari imekwisha lipa.

Mwenyezi Mungu atujalie kulipa madeni yetu hapa duniani, kabla ya kudaiwa mbele yake. Amin.