Dondoo muhimu: Ukishasafisha throto, ifundishe upya

Masizi yakijaa kwenye throto, kompyuta ya gari huizoea hali hiyo na kukiacha kisahani wazi zaidi ili hewa ipenye. Ukiyaondoa masizi, kompyuta bado inakumbuka kipimo cha zamani. Ndiyo maana gari lililotoka kusafishwa huvuma juu likiwa limesimama, au huzimika kwenye foleni. Tafadhali usikimbilie kununua sensa.

Kwa Toyota nyingi zenye throto ya umeme, kwanza mwambie fundi asome kodi za hitilafu kwa mashine, maana zitafutika betri ikifunguliwa. Zima gari, toa ufunguo, kisha fungua terminali ya hasi ya betri kwa spana namba 10. Subiri dakika kumi hivi. Irudishe, ikaze, uwashe gari bila kugusa pedeli ya mafuta, huku kiyoyozi, taa na redio vikiwa vimezimwa. Liache lipate moto mpaka mshale utulie, kwa kawaida kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika. Washa kiyoyozi, liache tena kidogo, ndipo uliendeshe taratibu. Nissan ina utaratibu wake wa kukanyaga pedeli kwa kuhesabu sekunde; usiuchanganye na huu.

Kamwe usikisukume kisahani kwa kidole swichi ikiwa oni. Kinaweza kukubana, na gia za ndani mara nyingi ni za plastiki.

Kodi P2135 ikirudi baada ya hapo, maana yake sensa mbili za throto hazikubaliani. Kagua nyaya na plagi kwanza.