SOMO LA WIKI: Piga hesabu ya fidia ya ulemavu kabla ya kupanga mtaji

Msimu wa mahindi Ufipa huajiri watu wengi kwa mpigo: madereva wa fuso wanaopakia Laela na Mpui, wapagazi wa maghala ya Sumbawanga mjini, waendesha mashine za kusaga na kukoboa. Kazi zote hizo zina hatari. Gunia humwangukia mpagazi mgongoni, mkanda wa mashine hukata vidole, na gari hupinduka kwenye miteremko ya kwenda Bonde la Rukwa. Familia nyingi huamini kuwa jambo kama hilo likitokea "serikali italipa". Somo la wiki hii linaeleza nani hulipa, kiasi gani, na pengo linalobaki ni la nani.

Msomaji aelewe kwanza kwamba Tanzania Bara haina posho ya kila mwezi anayolipwa kila mwenye ulemavu kwa sababu tu ya ulemavu wake. Jirani zetu Kenya walianza mwaka 2011 kulipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, kwa kiwango cha shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Hapa kwetu ruzuku ya TASAF hulenga kaya maskini sana, nayo haihesabiwi kwa kipato ulichopoteza. Mfanyabiashara asiiweke kwenye mpango wake.

Mifuko miwili, masharti mawili

Mfuko wa kwanza ni wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Huu hulipa madhara yaliyotokana na kazi tu. Mchango hutoka kwa mwajiri peke yake, na ni kosa kumkata mfanyakazi. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mshahara, kiwango kilichoteremshwa hadi asilimia 0.5 mwaka 2022.

Mfuko wa pili ni NSSF, wenye pensheni ya ulemavu hata kama ulemavu haukutokana na kazi. Masharti yake ni magumu zaidi. Jopo la madaktari lithibitishe kuwa mwanachama amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, na awe amechangia miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ya kipindi cha karibu kabla ya ulemavu. Hapa ndipo vibarua wa msimu hukwama. Aliyechangia miaka mitatu kisha akaacha muda mrefu anaweza kuikosa pensheni hiyo, japo kadi yake bado anayo.

Mfano wa hesabu

Tuchukue dereva wa fuso mwenye mshahara wa sh. 400,000/= kwa mwezi. Akiwa nje ya kazi kwa muda kutokana na ajali ya kazini, WCF hulipa asilimia 70 ya mshahara, yaani sh. 280,000/= kwa mwezi. Akibaki na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30, hulipwa pensheni kwa uwiano wa ulemavu wake. Tuseme amepimwa asilimia 50:

400,000 x 70% x 50% = sh. 140,000/= kwa mwezi.

Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, mara moja tu. Sheria ina viwango vya chini na vya juu pia, hivyo makadirio haya yahakikiwe na ofisi ya mfuko kabla ya kuyategemea.

Iwapo matumizi ya nyumba ya dereva huyu ni sh. 350,000/=, pengo ni sh. 210,000/= kila mwezi. Tuchukulie mkewe ananunua gunia la mahindi kwa sh. 50,000/= na faida halisi baada ya usafiri na ushuru ni sh. 5,000/=. Kuziba pengo hilo anahitaji kuuza magunia 42 kwa mwezi. Mtaji wa mzunguko mmoja ni sh. 2,100,000/=. Hiyo ndiyo akiba ya kuanza kuitafuta sasa, mume akiwa bado mzima.

Mshahara ulioandikwa

Kumbukumbu za mshahara ndizo msingi wa hesabu yote. Mwajiri anayelipa sh. 400,000/= lakini anaandika sh. 200,000/= huokoa sh. 1,000/= ya mchango wa WCF kwa mwezi. Dereva wetu akilipwa kwa maandishi hayo, pensheni inashuka hadi sh. 70,000/=. Mwajiri anaokoa elfu moja, mlemavu anapoteza elfu sabini kila mwezi.

Mwenye mashine aliyeajiri watu wanne kwa sh. 300,000/= kila mmoja anadaiwa mchango wa sh. 6,000/= tu kwa mwezi. Wafanyabiashara wanaoona hiyo ni gharama nzito walinganishe na bei ya mkanda mmoja wa mashine.

Hatua za kuchukua

Mfanyakazi: omba taarifa ya michango yako NSSF, na ulinganishe mshahara ulioandikwa na unaoupokea. Ajali ikitokea, toa taarifa kwa mwajiri mara moja, kwani haki ya kudai WCF hupotea ikipita miezi 12 bila taarifa.

Mfanyabiashara aliyejiajiri, awe wa Soko Kuu au anayevusha mzigo Kasesya: WCF haikuhusu, kwa kuwa huna mwajiri. Njia iliyobaki ni kujiunga NSSF kwa hiari na kuchangia bila kuruka miezi, hata wakati bei ya mahindi imelala. Kwa wengi, miezi hiyo ndiyo inayowaondoa kwenye masharti.

Mwekezaji mdogo: katika mpango wako wa familia, andika fidia kama nusu mkate. Nusu ya pili itoke kwenye ghala lako.