Msamaha wa Kodi na Uhuru wa Kusema

Somo letu la mwezi huu lahusu vyama vyote vinavyosaidiwa na serikali, na makanisa nayo yamo. Swali ni hili: Serikali ikimpa mtu fedha, au ikimsamehe kodi, je, yapata pia haki ya kumwamuru aseme nini na anyamaze wapi? Tutalitazama kwa mambo ya Marekani, maana huko limehukumiwa mara nyingi, na Katiba yao tangu mwaka 1791 yakataza kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema.

Katika jimbo la California askari waliopigana Vita Kuu ya Pili walisamehewa sehemu ya kodi ya mali yao, na makanisa hayakutozwa kodi ya nyumba za ibada. Lakini fomu za mwaka 1954 zilimtaka kila mwombaji atie sahihi kiapo kwamba hafundishi watu kuipindua serikali kwa nguvu, wala kuisaidia serikali ya kigeni wakati wa vita. Askari mmoja wa zamani, Lawrence Speiser, alikataa, akanyimwa msamaha. Kanisa moja la Waunitari mjini Los Angeles likakataa vilevile. Angalieni sana: hakuna aliyewashtaki kwamba wamefundisha uasi. Walikataa kiapo tu.

Jimbo lilijitetea kwa neno ambalo wengi wangali wakilisema, kwamba msamaha ni zawadi, na mwenye kutoa zawadi aweza kuweka sharti. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ya nchi haikukubali. Jaji Brennan aliandika kwamba kumnyima mtu msamaha kwa ajili ya maneno yake ni kumwadhibu kwa maneno hayo. Tena sheria ile ilimtwika mwombaji mzigo wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Naye mtu asiyejua mpaka uko wapi hunyamaza mbali na mpaka. Kwangu mimi hilo ndilo neno zito kuliko yote katika hukumu ile.

Basi, je, kila asemaye ana haki ya kulipiwa? Sivyo. Mwaka 1983 chama kimoja kilichotaka kuwashawishi wabunge kiliomba wanaokichangia wapunguziwe kodi. Majaji wote tisa walikataa: serikali haikukiziba kinywa, ilikataa tu kuyagharamia maneno yake. (Vyama vya askari wa zamani viliachiwa jambo lilelile, na majaji hawakuona kosa, nami nashangaa.)

Kadhalika sheria ya mwaka 1954, iliyoletwa na Lyndon Johnson, yakataza makanisa na vyama vya hisani vilivyosamehewa kodi kumpigania au kumpinga mgombea. Mwaka 1992, siku nne kabla ya uchaguzi, kanisa moja la Binghamton, New York, lilitangaza magazetini kwamba Wakristo wasimpigie kura Bill Clinton, likaomba na michango. Msamaha wake uliondolewa, na mwaka 2000 mahakama ya rufani ikathibitisha. Lakini Julai 2025 ofisi ya kodi yenyewe iliiambia mahakama moja ya Texas kwamba maneno ya mhubiri kwa washarika wake mwenyewe, katika ibada, hayamo katika katazo hilo.

Lipo na jambo lililotufikia hata sisi wa Afrika. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 ilivitaka vyama vinavyopokea fedha za kupigana na UKIMWI vitamke kwamba vinapinga ukahaba. Vyama kadhaa vilikataa, vikihofu kuwafukuza wale wale vinaowahudumia. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilivikubalia: serikali yaweza kusema fedha zake zitumike kwa kazi gani, bali haiwezi kumlazimisha anayezipokea kuikiri imani yake. Walakini mwaka 2020 mahakama ileile iliamua kwamba vyama vya nchi za nje, hata vikiwa ndugu wa vile vya Marekani kwa jina na kwa kazi, havina haki hiyo katika Katiba ya Marekani. Hivyo chama cha Nairobi au Dar es Salaam kilichotaka fedha zile kiliweza kudaiwa tamko ambalo mwenzake wa New York hakuweza kudaiwa.