Dondoo muhimu: Kupakia pikipiki nzito kwenye pikapu

Pikipiki ya 150cc ina zaidi ya kilo 100, na ikilala upande mmoja ikiwa juu ya ubao wa kupandishia, hakuna mkono wa kuizuia. Kabla hujatoka Shanwe kuelekea Sitalike:

1. Tafuta tuta au ukingo, ingiza tairi za nyuma za pikapu upande wa chini. Mwinuko wa ubao utapungua.
2. Tumia ubao wa mninga wa inchi 2, mpana, usio na ufa.
3. Funga ncha ya juu ya ubao kwenye pikapu. Hapa ndipo wengi wanapoumia: tairi la mbele likishaingia, ubao hurudi nyuma na pikipiki humwangukia anayesukuma.
4. Sukumeni watatu, mmoja kwenye usukani, wawili ubavuni. Asikae mtu nyuma ya pikipiki.
5. Usiiendeshe kupanda ubao.
6. Egemeza tairi la mbele kwenye ukuta wa bodi, kisha pandisha stendi.
7. Vuta mikanda miwili kutoka shokapu za mbele, kulia na kushoto, mpaka zizame nusu. Mipira ya tyubu haifai. Kwenye rasta za vumbi huvutika, pikipiki ikaanza kucheza.
8. Funga koki ya mafuta.
9. Usimpandishe kijana nyuma “aishikilie”. Tafadhali sana.
10. Kaza upya mikanda hapo Sitalike. Mbele ni Hifadhi ya Katavi, na humo hushuki kufunga kamba.